Hela za utafiti ukiwa Mtwara au Lindi: anza na swali, fomu baadae

Wadogo zangu mmekuwa mnaniuliza sana ruzuku za utafiti zinaombwaje, basi leo nimekaa niandike maana kumjibu kila mtu peke yake bando linaisha. Nianze na aibu yangu mwenyewe. Andiko langu la kwanza lilikuwa la "athari za mabadiliko ya tabianchi kwa jamii za pwani ya Tanzania", likuubwa, pwani nzima ndani ya miezi sita, wakanipiga chini kwa mstari mmoja tu, kwamba haieleweki nataka kujua nini. Na kweli hata mi nilikuwa sielewi.

Mara ya pili nikaandika kitu nachokijua: kina mama wanaoenda mwambani na kijiti kutafuta pweza, je kijiji kikifunga mwamba miezi mitatu, siku ya kufungua wanapata kilo ngapi zaidi? Hapo kuna mahali, kuna watu, kuna kitu cha kuweka kwenye mzani. Ikapita.

Kwaiyo tafuta swali kwanza. Huku kwetu yamejaa, kuna korosho na ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, kuna gesi ya Mnazi Bay na Songosongo, kuna magofu ya Kilwa Kisiwani yaliyoingia urithi wa dunia mwaka 1981, mpaka mifupa ya dinosaria, ile mijusi mikubwa ya kale, ya Tendaguru kule Lindi ambayo Wajerumani waliichimba kuanzia 1909 hadi 1913 wakaibeba Berlin na mpaka leo iko huko (hili linaniumaga, basi tu).

Ukishalipata ndo utafute mfadhili anayependa hilo swali. Mambo ya bahari, WIOMSA, chama cha wanasayansi wa bahari wa Magharibi mwa Bahari ya Hindi, ofisi zao zipo Zanzibar. Uhifadhi, mfuko wa Rufford wa Uingereza, wanatoa hela ndogondogo kwa hatua, unamaliza ya kwanza unapeleka ripoti ndo unaomba ya pili, inamfaa anayeanza. Dada zangu wa sayansi mnaotaka PhD waangalieni OWSD, shirika la wanawake wanasayansi wa nchi zinazoendelea, lipo Trieste, Italia, feloshipu yao inampeleka mwanamke wa nchi kama yetu akasome kwenye nchi nyingine inayoendelea. DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, wanasomesha hadi kwenye vyuo vya hapahapa Afrika, na nyumbani kuna COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, na mfuko wao wa kuendeleza sayansi na teknolojia, MTUSATE. Ila mtu akikutumia meseji ulipie "ada ya maombi" kwenye namba ya simu, huyo tapeli.

Tangazo likitoka soma nani anaruhusiwa kuomba kabla hujaanza kuipenda hela: uraia, umri, digrii ulimaliza lini, unaomba mwenyewe au lazima uwe chini ya taasisi. Kama wanataka taasisi na we huna, mtu wa korosho aende kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, Mtwara, akaongee nao, ila usiende mikono mitupu, andaa ukurasa mmoja wenye swali lako.

Sasa bajeti, hapa ndo watu wengi wanaanguka. Pweza wa kufuatwa kwa miguu haendewi kila siku, mwamba unakauka vizuri wakati wa bamvua tu, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, siku chache basi. We ukiandika siku 30 mfululizo mwambani, msomaji anayeijua bahari anajua hujawahi kulowa. Mi niliandika bamvua 6 kwa miezi mitatu, kila bamvua siku 4, hizo siku 24, wasaidizi wawili ndo posho za siku 48, alafu boda, mizani, daftari, kila kitu na sababu yake pembeni. Korosho hivyohivyo, salfa, dawa ya ubwiriunga, inapulizwa wakati wa maua, ukienda Newala mwezi wa 12 kuangalia upuliziaji utakuta watu washaingia kwenye minada.

Weka na muda wa vibali. Barua ya chuo inaenda kwa katibu tawala wa mkoa, inashuka wilayani, halmashauri, mtendaji wa kata, ndo kijijini, na kila meza kuna "njoo kesho". Utafiti wa afya ongeza kibali cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, huo usiuanze wiki ya mwisho.

Barua za mapendekezo waombe maprofesa wako mwezi mzima kabla, mtumie na andiko lenyewe ili asiandike tu "namfahamu kijana huyu", na ukimkumbusha WhatsApp anza na shikamoo, usirushe alama ya kuuliza.

Alafu saa. Dedilaini ikisema saa sita usiku ya London, kwetu ni saa tisa usiku, na wao wakiwa majira ya joto inakuwa saa nane. Mi niliwahi kuacha kutuma hadi usiku ule nikijua nina masaa matatu ya ziada, kumbe ilikuwa mwezi wa saba, kwao majira ya joto, nayo saa saba na nusu umeme ukakatika, nikabaki na laptop yenye chaji asilimia 9 namgongea jirani mwenye sola. Alifungua, ila fomu ilikuwa imeshajifunga.