Karafuu moja kabla ya halua

Mbinu hii ya kukata hamu ya vitu vitamu nimeipata kwa bibi mmoja muuza viungo pale Darajani, sokoni Zanzibar. Ukishamaliza kula na ulimi ukaanza kudai halua, visheti au kaimati, chukua punje moja kavu ya karafuu uitie kinywani, usiitafune. Iache ilainike shavuni kwanza, kisha ing'ate kidogo kidogo kile kichwa chake. Mafuta yake makali huutia ulimi ganzi kidogo na ladha yake hukaa muda, hata kitu kitamu ukikila juu yake hakina raha tena. Na hamu yenyewe mara nyingi ni ya dakika chache tu. Ikikosa wa kuibembeleza hujiondokea. Chagua punje iliyojaa, isiwe kikonyo.

Haisaidii ukiwa na njaa ya kweli. Hapo kula, hata muhogo kwa samaki. Wala haisaidii kama chai yako ina vijiko vinne vya sukari: Shirika la Afya Duniani linasema ni bora tusizidi gramu 25 hivi kwa siku, yaani vijiko sita vya chai, kwa hiyo vikombe viwili tu vimeshakupitisha. Mwenye kisukari anayetumia insulini akianza kutetemeka na kutoka jasho, huenda sukari yake mwilini imeshuka: karafuu aiweke kando, anywe kitu cha sukari papo hapo. Na ni punje nasema, si yale mafuta ya karafuu ya chupa. Yale huunguza kinywa.