Wifi ya chuo inakugomea? Soma kwanza kioo kinakwambia nini

Wadogo zangu mnaosoma hapa Dodoma najua ilivyo, umepanga chumba Ng'ong'ona, bando limekata, unabeba laptop mpaka laibrari ukamalizie risechi, wifi inakamata vizuri tu afu saiti unayoitaka haifunguki. Wengi hapo wanashusha VPN (app inayopitisha intaneti yako kwenye seva ya mtu mwingine) ya bure ya kwanza wanayoiona. Msikimbilie huko, kila kizuizi kina dawa yake.

Kama hakuna saiti hata moja inayofunguka basi mara nyingi hujalogin tu. Fungua neverssl.com, ile haina https kwa hiyo mtandao unaweza kukuletea ukurasa wa kuingia. Na kama uliwahi kuweka Private DNS kwenye simu (setingi ya kuchagua seva inayogeuza jina la saiti kuwa namba) izime kwanza, login, ndo uiwashe tena. Hii iliwahi kunitesa asubuhi mpaka adhuhuri, nimekaa nawaza wamenifungia akaunti kumbe ni setingi yangu mwenyewe.

Ikiwa ni saiti moja tu na Chrome inaandika DNS_PROBE_FINISHED_NXDOMAIN, mara nyingi wamezuia kwenye jina (hakikisha hujakosea spelingi). Yaani simu inaiuliza seva ya chuo namba ya hiyo saiti ni ngapi, seva inajibu haipo. Sasa we kaulize kwingine: Android kuanzia 9 ingia setingi za mtandao, tafuta Private DNS, andika one.one.one.one au dns.google, sevu. Hiyo inapita port 853 (port ni kama mlango wa kupitishia data) ambayo ni rahisi kufungwa, kwa hiyo ikigoma izime, urudi kwenye Chrome yenyewe, Privacy and security, Use secure DNS, hapo inapita port 443 humohumo zinamopita saiti zote za https na kuizuia ni kazi kidogo.

Ikileta ERR_CONNECTION_RESET, kubadili DNS kunaweza kusikusaidie kitu, firewall (chujio la mtandao wa chuo) inaweza kuwa inasoma jina la saiti pale simu inapoanza kusalimiana nayo. Hapo ndo VPN ina kazi. Chagua OpenVPN ya TCP port 443, maana port 1194 ya kawaida ya OpenVPN na ile 51820 ya WireGuard (aina nyingine ya VPN) ni rahisi sana kuzitambua na kuzifunga. Ila ujue kila saiti unayofungua mwenye VPN anaiona, kwa hiyo ya bure usiyomjua mwenyewe usiiguse, hasa kama unatumia simu hiyohiyo kutuma hela. Na Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walitangaza wanaotumia VPN watoe taarifa zao kwao, hilo lisome vizuri kabla hujawasha.

Kompyuta ya ofisi usiichezee kabisa, utaitwa ujieleze, washa hotspot ya simu yako.

Afu kuna njia ambayo watu wanaidharau sana, kuongea na watu wa IT. Mimi saiti ya kushushia paketi za R (programu ya takwimu) ilikuwa imefungwa, nikaandika barua pepe fupi: linki kamili, saa niliyojaribu, picha ya kioo na somo ninalofanyia kazi. Kesho yake mchana ilikuwa wazi, tena kwa darasa zima.