Somo: kuweka bafa ya tyubu ya bei chee kwenye mziki wa nyumbani

Wakuu, kama una ampu ya mtumba na spika zako nzuri ila ukipiga nyimbo za kwenye simu sauti kavu, treble inachoma masikio, bafa ya tyubu inaweza kulainisha kidogo. Nasema kidogo, haiongezi hata wati moja. Ni kiboksi chenye tyubu mbili ndogo (zile valvu za kioo kama za redio za zamani), hizi za bei chee nyingi ni 6J1 za Kichina, kinakaa kati ya chanzo (deki au simu) na ampu.

Kwanza soma nyuma kinataka umeme gani, hapa ndo watu wanapochemka. Kuna vya volti 12 DC na vya volti 12 AC, sasa we unachomoa adapta ya rauta unachomeka kwa vile tu kichwa kimeingia. Ya rauta ni DC. Kama kimeandikwa AC, nenda kwa fundi redio akupe transfoma ya 12.

Zima kila kitu. Waya wa RCA (ule wa vichwa vyekundu na vyeupe) utoke kwenye deki uingie IN, mwingine utoke OUT uende AUX ya ampu. Usichomeke PHONO, hiyo ya santuri, itakupasulia masikio. Na waya za spika zisiguse hicho kiboksi kabisa.

Washa bafa, subiri kama dakika moja, ndo uwashe ampu volyumu ikiwa chini. Kuzima anza na ampu. Ule mwanga wa chungwa chini ya tyubu usikudanganye, mara nyingi ni LED ya urembo tu, moto wenyewe ni kale kawekundu ndani.

Swali: Mkuu yangu inalia mmmmm hata nikisimamisha wimbo.
Jibu: Una king'amuzi kwenye hiyo ampu? Chomoa waya wa dishi usikilize. Ikinyamaza, ni loop ya earth, yaani vyombo vimeungana earth kwa njia zaidi ya moja, tyubu haina kosa. Isiponyamaza jaribu adapta nyingine.

Swali: Sabufa yangu ina bluetooth na flashi tu, nachomeka wapi?
Jibu: Hapo imekula kwako kaka, sauti inaingia humohumo ndani, huna pa kuikatiza. Labda iwe na AUX nyuma.

Swali: Tyubu naweza kubadili mwenyewe?
Jibu: Ndio, penye 6J1 inakaa 6AK5 au EF95. Zima, acha zipoe maana zinaunguza, vuta wima taratibu, pini ziko 7 na zinapinda kirahisi. Mi nshapinda mbili.