Plasta ya Chokaa kwa Ukuta wa Matumbawe Unaotoa Chumvi

Kigeuze kipande cha plasta ya simiti kilichoanguka kwenye nyumba ya zamani ya Kibokoni au Kuze, mitaa ya Mji wa Kale wa Mombasa, utazame mgongo wake. Mara nyingi kimebeba ganda la matumbawe lililosagika likawa unga. Plasta yenyewe ni nzima, pengine haina hata ufa. Kilichovunjika ni jiwe.

Matumbawe yamejaa vitundu, na molekuli za maji hung'ang'ania kuta za vitundu hivyo kwa nguvu, zikivutana na wenzake nyuma yake. Ndiyo maana maji ya ardhini hupanda ukutani bila pampu. Uzito wake tu ndio unaoyarudisha chini: kitundu chenye kipenyo cha milimita 0.2 hupandisha maji sentimita 15 hivi, na cha milimita 0.02 huyafikisha mita 1.5. Maji hayo hubeba chumvi ya bahari, na penye shimo la choo karibu hubeba pia chumvi za naitreti. Chumvi ya kawaida huyeyuka kwa unyevu wa hewa peke yake unyevu ukipita asilimia 75; ukishuka chini ya hapo, hugeuka fuwele tena. Hewa ya Mombasa hukivuka kiwango hicho usiku na alfajiri, na mchana wa jua kali hushuka chini yake. Basi fuwele huzaliwa na kufa, na kila zinapokua husukuma kuta za kitundu mpaka jiwe linasagika.

Plasta ya simiti ina vitundu vyembamba mno, na ukiipaka rangi ya plastiki juu unakuwa umefunga mlango kabisa. Maji hukaukia nyuma yake, kwenye mpaka wa plasta na jiwe, na chumvi yote hurundikana hapo. Dawa ni plasta iliyo dhaifu kuliko jiwe na inayopitisha mvuke, ili maji yakaukie nje na chumvi iile plasta badala ya ukuta. Fort Jesus, iliyojengwa 1593 hadi 1596, ni matumbawe na chokaa, simiti haikuwapo.

Nyumba ikiwa ndani ya eneo la uhifadhi la Mji wa Kale, tafuta idhini ya Makavazi ya Taifa na ya kaunti kabla hujagusa nyundo. Kisha chagua msimu. Kazi hii hupendeza kati ya Julai na Septemba, masika yakishapita na jua halijawa kali. Wakati wa kaskazi plasta hukauka kabla haijashika.

Bandua plasta ya zamani hadi sentimita 50 juu ya mstari wa unyevu unaoonekana. Tumia patasi na nyundo ndogo, ukiilaza patasi. Nyundo kubwa hulegeza mawe. Chokoa viungo vya mawe kina cha sentimita 2. Unga mweupe uondoe kwa brashi kavu na uukusanye juu ya turubai. Usiuoshe, kwani ukimwaga maji chumvi huyeyuka na kurudi ndani kwa njia ileile iliyotokea. Na asidi ya chumvi isikaribie ukuta huu. Wako wanaoitumia kung'arisha jiwe, nalo kweli hung'aa, lakini asidi hula matumbawe na kuacha kloridi ya kalsiamu, chumvi yenye uroho wa maji kuliko ile uliyokuwa unaikimbia. Ukuta wa namna hiyo hubaki na jasho mwaka mzima.

Palipoharibika sana, ivute chumvi nje. Loweka karatasi nyeupe za choo katika maji safi ya mvua mpaka ziwe kama ugali laini, zikandike ukutani unene wa sentimita 1 hadi 2, na uziache zikauke zenyewe. Maji huingia, huyeyusha chumvi, kisha yanapotoka kwenda kukauka huileta kwenye karatasi. Bandua zikiwa kavu, utupe mbali na msingi. Rudia mara mbili au tatu. Baada ya hapo uache ukuta upumue wiki kadhaa.

Sasa mchanga, na hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Wa ufuoni usiutie kabisa. Wa mto nao upimwe. Chemsha maji yaliyosafishia kiganja kimoja cha mchanga mpaka yakauke kwenye mfuniko mweusi wa sufuria. Ukiona ukoko mweupe mzito, mchanga huo haufai. Kwa udongo, tia mchanga wa kimo cha sentimita 10 kwenye chupa ya kioo, ongeza maji na kijiko kidogo cha chumvi, tikisa, uache saa tatu. Chumvi ina kazi yake hapa: chembe za udongo zina chaji hasi na husukumana, hivyo katika maji matupu huelea muda mrefu, chumvi hufifisha msukumano huo nazo zikatua. Tabaka la matope juu ya mchanga lisizidi milimita 6. Likizidi, udongo utavika punje za mchanga koti, chokaa isiziguse, na plasta itajaa nyufa inapokauka.

Kiasi cha chokaa utaambiwa na mchanga wenyewe. Jaza mkebe wa lita 1 kwa mchanga mkavu, mimina maji polepole mpaka yafike juu. Yakiingia mililita 330, theluthi moja ya mkebe ni nafasi tupu, na nafasi hiyo ndiyo inayotakiwa kujazwa na chokaa: changanya 1 kwa 3. Yakiingia 400, fanya 1 kwa 2.5. Kwa eneo la mita 10 za mraba na unene wa milimita 15, andaa ndoo 8 za lita 20 za mchanga na karibu ndoo 3 za chokaa iliyolowekwa.

Nunua chokaa ya ujenzi ya unga. Chokaa ya shambani ni jiwe lililosagwa tu; haitashika hata ukiisubiri mwaka. Mfuko uliokaa wazi pia hugeuka jiwe polepole: dondoshea kijiko cha unga siki, na ukitoa povu jingi umeshachakaa. Loweka unga katika maji angalau saa 24. Wiki mbili ni bora zaidi, mradi maji yafunike juu. Vaa glavu na miwani, kwa kuwa chokaa hii huunguza. Ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi dakika 20 na uende hospitali hapohapo.

Wakati wa kuchanganya, kishawishi ni kuongeza maji. Jizuie. Kanda na kuponda kwa beleshi dakika 20 na zaidi. Mchanganyiko uliokuwa mkavu utalainika wenyewe. Kila maji ya ziada yakikauka huacha pengo, na pengo ndilo ufa.

Mwagia ukuta maji safi jioni ya kuamkia kazi, na tena saa moja kabla. Uso uwe na unyevu bila kumetameta. Ukuta mkavu hunyonya maji ya plasta kwa pupa ikaungua papo hapo. Uliojaa maji haunyonyi chochote, na plasta huteleza. Matone yakisimama kama shanga yasiingie, pana mafuta au rangi ya zamani: kwangua hapo.

Tabaka la kwanza litupie kwa mwiko kwa nguvu, milimita 3 hadi 5, uliache na ukwaru wake. Kutupia hufukuza hewa, chokaa ikaligusa jiwe lenyewe; kupaka tu hufunika mapovu. Ukucha ukishindwa kuingia, kwa kawaida baada ya wiki moja, weka la pili la milimita 10. Siku ya kwanza na ya pili lisugue na kulikandamiza kwa ubao wa kusawazishia kila nyufa nyembamba zinapotokea. La mwisho ni milimita 2 au 3, la mchanga uliochekechwa.

Chokaa haikauki ikawa ngumu. Hurudi kuwa jiwe kwa kuvuta kaboni dioksidi ya hewani, na gesi hiyo sharti iyeyuke kwanza kwenye utando wa maji. Plasta ikikauka kabisa kazi husimama. Ikiloa chepechepe pia husimama, kwa kuwa gesi hupita ndani ya maji polepole mara maelfu kuliko hewani. Basi ning'iniza magunia mabichi mbele ya ukuta bila kuugusa, nyunyiza ukungu wa maji mara tatu kwa siku, siku saba kwa kila tabaka. Fundi anayeahidi kumaliza kwa siku tatu ana simiti mfukoni.

Rangi ni chokaa ileile iliyozimuliwa ikawa kama maziwa, mikono minne au mitano myembamba, siku moja kati ya mkono na mkono, ukuta ukiwa na unyevu. Wako wanaoitia chumvi ili ishike; kwa ukuta huu ni kurudisha mgonjwa kitandani. Mwaka wa kwanza unga mweupe utatokea karibu na sakafu. Ufagie ukiwa mkavu. Baada ya miaka kadhaa nusu mita ya chini itachoka, nayo ibanduliwe na kuwekwa upya kwa vipimo vilevile.