Kupiga na Kusafisha Picha za Nyeusi na Nyeupe katika Jua la Kigoma

Mwalo wa Kibirizi, mahali pa kupokelea samaki hapa Kigoma, saa nne asubuhi ni mtihani kwa filamu yoyote: dagaa walioanikwa wanang'aa kama fedha, na hatua chache kutoka hapo akina mama wameketi chini ya turubai, nyuso zao zikiwa kivulini. Kipima mwanga kikielekezwa kwenye dagaa hudhani mng'ao ule ni kijivu cha wastani, hivyo hukuelekeza kupunguza mwanga, na zile nyuso hubaki utupu kwenye negativu, utupu ambao hakuna dawa itakayoujaza baadaye.

Kwa hiyo anza kwa kupima kivuli. Sogea karibu na sehemu nyeusi ambayo bado unataka undani wake uonekane, kwa mfano mikunjo ya khanga, kisha punguza hatua mbili (kila hatua hukata mwanga nusu), maana kipima mwanga hudhani kivuli nacho ni kijivu cha wastani: kipimo kikiwa sekunde 1/60 kwa tundu la lenzi la f/8, piga kwa 1/250 kwa f/8 ileile. Katika jua kali mimi huihesabu filamu ya ISO 400 (kipimo cha wepesi wa filamu kupokea mwanga) kuwa ni ya 200, yaani huipa mwanga maradufu, kwa sababu kivuli kilichokosa mwanga hakirudi, ilhali weupe uliozidi huweza kuzuiwa wakati wa kusafisha.

Hapo ndipo joto linapoleta taabu. Muda unaotolewa na watengenezaji kwa kawaida ni wa nyuzi 20 za Selsiasi, na maji ya bomba nyumbani kwangu husoma 26. Mkanda wangu wa kwanza niliusafisha kwa maji hayo bila kupunguza muda. Dagaa wakatoka weusi kama lami kwenye negativu, na kwenye karatasi nikapata bango jeupe lisilo na samaki hata mmoja. Siku hizi maji ya dawa hulala kwenye mtungi wa udongo, na alfajiri huyakuta kwenye nyuzi 24. Filamu ya HP5 Plus, ambayo ni ya ISO 400, katika dawa ya kusafishia ya ID-11 iliyozimuliwa kwa maji ya kiasi sawa huhitaji dakika 13 kwenye nyuzi 20, na takriban 9 kwenye 24. Kwa picha za jua kali punguza tena moja ya tano, zibaki kama 7. Usishuke chini ya 5, maana dawa haitaenea sawasawa na anga litatoka na michirizi. Tikisa sekunde 30 za mwanzo, kisha 10 kila dakika, ukigonga tangi mezani ili viputo viachie. Fiksa, dawa ya kuidumisha picha, na maji ya kusuuzia yawe na joto lilelile.

Wakati wa kuchapa, jaribu kwanza kwenye kipande cha karatasi, ukisogeza kadibodi inayokifunika kila baada ya sekunde 5, na ukiache ndani ya dawa muda wake kamili hata kikionekana kuwiva mapema. Chagua sekunde kwa kutazama weupe: dagaa wa mbele wakianza kuonyesha macho, umefika. Weusi hurekebishwa kwa chujio cha rangi chenye namba, ambacho hubadili tofauti kati ya weusi na weupe. Vivuli vikipauka panda namba, vikiziba shuka. Uso ukibaki mzito, ukinge kwa kipande cha kadibodi kilichofungwa kwenye waya kwa sekunde 3, ukikichezesha bila kutulia ili ukingo wake usiache alama.