Usiuze TV ya kichogo kwa kilo

Wapenzi wa gemu za zamani hapa Tanga, msiwaachie watu wa vyuma chakavu TV za kichogo. Jana kwa fundi Ngamiani tumechomeka mashine ya gemu ya Sega Mega Drive kwenye kichogo, pembeni flati yenye RetroArch, programu ya kuchezea gemu za zamani, zote zikicheza Sonic ya 1991. Angalieni maporomoko ya maji ya hatua ya kwanza. Kwenye flati ni mistari ya wima, imesimama kama chelewa za ufagio. Kwenye kichogo, kwa waya wa njano wa picha, mistari inayeyukiana na unaona mandhari nyuma ya maji. Raha sana!

Huna kichogo? Tumia sheda, yaani kichujio cha RetroArch kinachoigiza picha ya kichogo, ila chagua inayoiga na waya wa njano, zile zenye herufi NTSC kwenye jina. Inayochora mistari myeusi tu haichanganyi rangi. Halafu kuza picha kwa namba kamili: mistari 224 ya picha ya gemu mara 4 ni 896 kwenye skrini yenye mistari 1080. Ukingo mweusi uache. Ukilazimisha kujaza, mistari inanenepa huku, inakonda kule.

Na kichogo usikifungue mwenyewe. Hata kikichomolewa hubaki na umeme mkali ndani.