Kabla hujaja kikao chako cha kwanza cha redio za ridhaa

Kila baada ya vikao viwili vitatu hutokea mgeni anayeingia amekumbatia boksi. Ndani mna simu ya upepo ya mkononi, imetoka Kariakoo juzi, na swali lake la kwanza ni "Naombeni masafa." Hatumcheki, wengi wetu tulianzia hapo hapo. Ila tunamrudisha nyuma kidogo, maana ametanguliza kitu cha mwisho.

Redio hizi, za kuzungumza na watu wa mbali hewani, ni za ridhaa kama zilivyo ndondi za ridhaa: hulipwi, huuzi kitu, unacheza kwa mapenzi yako. Lakini ulingo una mwenyewe. Hapa kwetu mwenyewe ni TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na kurusha mawimbi bila leseni ni kosa kwa Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010. Kwa hiyo kabla ya kumlipa muuzaji, ulizia kwanza kama aina hiyo ya redio imeidhinishwa nchini. Ofisi zao ziko Mawasiliano Towers, Barabara ya Sam Nujoma. Ukishuka stendi ya Mawasiliano umeshafika jirani.

Wakati pesa imetulia mfukoni, anza na sikio. Kusikiliza hakukudai hata redio. Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, kina kipokezi kilichounganishwa na intaneti, na wewe uliyekaa Tandika unakizungusha kwa simu yako, gharama ni bando tu. Kinasikia anga ya Uholanzi, si ya Tandika, lakini kwa kujifunza kinatosha kabisa. Zunguka kati ya megahezi 7.0 na 7.2 usiku, au 14.0 na 14.35 alasiri. Ukisikia mtu anaongea kama bata, redio haijaharibika. Hiyo ni SSB, sauti inayorushwa kwa upande mmoja tu wa mawimbi, na umechagua upande usio wake: chini ya megahezi 10 watu hutumia LSB (upande wa chini), juu ya hapo USB (upande wa juu). Geuza, na bata anakuwa binadamu. Redio ya zamani ya masafa mafupi, ile ya mzee ya kusikilizia taarifa ya habari, kwa kawaida haina kitufe hicho, ndiyo maana kwayo utabaki na bata hadi asubuhi.

Kisha herufi. Alfa, Bravo, Charlie hadi Zulu lazima zikutoke bila kufikiri, kwa sababu alama ya wito ya mtu, yaani jina lake la hewani la herufi na tarakimu, unaisikia katikati ya mngurumo, na "b" na "d" hazina tofauti huko. Darasa zuri kuliko yote ni foleni. Ukikwama kwenye daladala, soma namba za magari: T ni Tango, tarakimu tatu kwa Kiingereza, kisha DKM ni Delta Kilo Mike. Wiki mbili za kwenda na kurudi Posta zinatosha. Konda atakutazama, mwache. Alama za wito za kwetu Tanzania huanza na 5H, Kenya 5Z, Uganda 5X, na ukizijua hizi tatu utashtuka vizuri siku jirani akipita hewani.

Sasa saa. Hapa nitakaa, maana ndipo Mswahili anapoumbuka. Mawasiliano yote huandikwa kwenye daftari kwa saa za UTC, saa moja ya dunia nzima, ambazo ziko nyuma yetu kwa saa tatu. Jambo jepesi, isipokuwa sisi tuna saa zetu za mdomoni, ambazo nazo zinapishana kwa sita na zile za kwenye simu. Mwaka wangu wa kwanza niliongea na bwana mmoja wa Ureno saa mbili na robo usiku, nikaandika 2:15 kwa furaha, nikamtumia kadi ya kuthibitisha. Akanijibu kwa ustaarabu kwamba saa hiyo alikuwa amelala. Ilikuwa 17:15, na ndivyo daftari lake lilivyosema. Tangu hapo nina kanuni yangu: saa za mchana kwa Kiswahili ongeza tatu, saa za usiku ongeza kumi na tano, ikizidi ishirini na nne toa ishirini na nne. Saa nne asubuhi ni 07. Saa tano usiku ni 20. Saa tisa usiku ni 24, yaani sifuri, na hapo ndipo tarehe ya UTC inapogeuka. Kwa hiyo ukiongea na mtu saa nane usiku wa kuamkia Ijumaa, andika tarehe ya Alhamisi, hata kama simu yako imeshasema Ijumaa. Nunua saa ya ukutani ya bei poa, iweke UTC, iandike kwa maka peni, na uwakataze watoto kuirekebisha.

Kanuni za ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, zinaitaka kila nchi ihakikishe mwombaji anajua kuendesha mtambo kabla hajapewa leseni. Morse, ile lugha ya nukta na mistari, si lazima kimataifa tangu mkutano wa 2003, ingawa wazee wa klabu watakushawishi. Hesabu hazikwepeki, lakini ni za kidato cha pili: volti, ampea, ukinzani. Jifunzie kwenye mfano wa kweli. Redio ya wati 100 hula ampea kama 20 ukishika kitufe cha kuongea. Niliwahi kuiunga kwenye betri ya N70 kwa mita sita za waya mwembamba wa taa. Kusikiliza ilisikiliza vizuri. Kila nikifungua mdomo, inazima. Waya wa milimita za mraba 1.5 una ukinzani wa kama ohmu 0.012 kwa mita, kwenda na kurudi ni mita 12, zidisha kwa ampea 20: karibu volti 3 zinapotelea njiani. Betri ilikuwa nzima, nami nilikuwa nimeshailaani siku mbili.

Antena ina hesabu moja na siasa nyingi. Hesabu: gawanya 143 kwa masafa kwa megahezi, unapata urefu wa waya kwa mita. Kwa 14.2 ni mita 10 na kidogo, unaukata katikati, tano kila upande. Kwa 7.1 ni mita 20, na kiwanja cha Sinza kinaanza kulalamika. Unaweza kuinua katikati na kushusha ncha kama paa la nyumba, itafanya kazi. Ukifunga kwenye mnazi usikaze: upepo wa kusi unauyumbisha, waya unakatika. Pitisha kamba kwenye kapi, ning'iniza jiwe mwishoni, mnazi uyumbe unavyotaka. Viungio vizungushie tepu ya mpira, maana chumvi ya Kigamboni au Msasani hula shaba kimya kimya. Na waya wako usipite juu wala chini ya nyaya za umeme, hata kama hapo ndipo pazuri. Masika yakianza kunguruma, chomoa kebo.

Siasa: baba mwenye nyumba, majirani, mjumbe. Mtu akiona waya mrefu umevuka uani na wewe unaongea Kiingereza peke yako usiku, atafika mahali atauliza. Afadhali umtangulie. Nenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa mapema, umpe shikamoo yake, umweleze kwamba ni mawasiliano ya kujifunza, si biashara wala siri. Na kweli si siri: hewani hairuhusiwi kuficha maana kwa mafumbo, kila mtu anasikia.

Makaratasi ni jambo dogo: nakala za kitambulisho cha NIDA, picha za pasipoti, ziwe kwenye bahasha hata kama hujaombwa. Kwenye kikao chenyewe njoo na daftari lenye ukurasa mmoja ulioujaza nyumbani: masafa, saa ya UTC, alama tatu nne ulizozisikia, na palipokushinda weka kiulizo. Mwenye ukurasa huo huwa tunamvutia kiti pale pale kwenye redio, ana boksi au hana.